Mwili wa binti unangojea chakula

Wandugu wa koperative za Kibombo, mara nyingi tunasikia: "Mutoto wangu iko na miaka 14, hajaona mwezi bado. Wamemuloga?" Hapana. Mwili wa binti hauhesabu miaka tu, unahesabu na kilo. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani, Rose Frisch na Roger Revelle, walieleza kwamba wasichana huvunja ungo, kwa wastani, wakiwa na kilo 47 hivi. Si kipimo kimoja kwa wote, lakini mafuta ya mwilini ndiyo yanayopelekea ubongo habari kwamba akiba ipo.

Binti anayebeba maji na mihogo kutwa, na kula fufu na sombe bila karanga wala samaki, anaweza kuchelewa. Kwa hiyo, kabla ya kupima mavuno ya kuuza, tuweke kwanza ya nyumbani: karanga, kunde. Samaki wa Lualaba wasiende wote soko la Kindu. Akifika miaka 15 bado, tumpeleke kituo cha afya.

Na yule anayewahi? Naye ni mtoto. Kuona mwezi si ruhusa ya kuolewa: sheria ya Kongo inataka miaka 18.