Sulina: Mji Uliotajirishwa na Fungu la Mchanga

Hakuna barabara ya kukufikisha Sulina. Ukitoka Tulcea unapanda boti, unateremka na mto Danube kati ya matete hadi mto unapoingia Bahari Nyeusi. Hapo pana mji mdogo wa Romania, wenye wakazi wapatao 3,000.

Utajiri wake ulianzia kwenye shida. Mto ulirundika mchanga na tope mlangoni, na manahodha walilazimika kupunguza shehena ya nafaka kwa matishari ili meli zivuke fungu. Nyingi zilivunjikia hapo hapo. Baada ya Vita vya Crimea, Mkataba wa Paris wa 1856 uliunda Tume ya Ulaya ya Danube, yenye mataifa 7, iufungue mlango huo. Mhandisi wake, Mwingereza Charles Hartley, alijenga kuta mbili zinazoingia baharini, zikakamilika 1861. Alijua kwamba mto ukibanwa, maji huenda kasi na kuusukuma mchanga wenyewe hadi kwenye kina. Ni kazi ya kustaajabisha, na meli zinaifaidi mpaka leo.

Tume iligeuka karibu dola kamili: ilitoza meli ushuru, ikatunga kanuni, ikapeperusha bendera yake. Mwaka 1870 Sulina ikawa bandari huru. Wagiriki, Waturuki, Waitaliano, Wayahudi na Waingereza walifuata riziki, na wengi wao wamezikwa pale pale. Jean Bart, aliyewahi kuwa ofisa wa bandari hiyo, aliuandikia mji riwaya, Europolis, iliyotoka 1933.

Wakati huo neema ilikuwa imeanza kuyeyuka. Bandari huru ilifutwa 1931, na mwaka 1938 Tume ikaikabidhi Romania madaraka yake mengi. Ukomunisti ulileta kiwanda cha kusindika samaki. Ulipoanguka, nacho kikafa.

Kisha, 2022, vita vya Ukraine vilifunga bandari za Odesa. Kiangazi hicho meli zaidi ya 100 zilitia nanga nje ya Sulina, zikingoja zamu ya kuingia mtoni kufuata nafaka katika bandari za Ukraine za Izmail na Reni. Marubani wa meli walikuwa na kazi usiku na mchana, lakini shehena yenyewe ilipita tu. Hilo ndilo linaloniuma kuhusu Sulina: mlango ni wake, uamuzi haujawahi kuwa wake. Hata sasa mkondo wa meli unasimamiwa kutoka Galați, mji uliokuwa makao ya Tume.