Hatifungani: Tusome Mlango wa Hatari Kabla ya Kutia Sahihi

Wengi wetu viwandani na mashambani tunashauriwa kununua hatifungani. Hata asiyenunua amekwisha kuingia. Hapa Uganda mfuko wa NSSF hupokea 5 kwa mia ya mshahara wetu na 10 kwa mia kutoka kwa mwajiri, na sehemu kubwa ya fedha hiyo imekopeshwa serikali kwa njia ya hatifungani. Basi jambo hili ni letu sote.

Hatifungani ni hati ya deni. Anayenunua ndiye anayekopesha. Anayeuza ndiye anayekopa. Mkopaji huahidi kulipa riba, mara nyingi kila miezi 6, na kurudisha mkopo wenyewe siku ya mwisho. Hatupati hisa wala kura katika kampuni. Tunapata ahadi, na wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Kampuni inayowauzia watu wote hatifungani hutoa waraka wa toleo. Mbele kuna sifa za kampuni na kiwango cha riba. Ndani umo mlango wa hatari. Msiuruke. Hatari ikitokea, kampuni itasema: "Tuliwaambia." Na waraka kupitishwa na mamlaka ya masoko ya mitaji si ahadi kwamba tutalipwa. Maana yake ni kwamba yanayotakiwa na sheria yameandikwa.

Tutafute mambo haya:

1. Rehani. Ikiandikwa kwamba deni halina dhamana, hakuna jengo wala mashine iliyowekwa kwa ajili yetu. Kampuni ikifilisika, wenye rehani huchukua mali waliyowekewa kwanza. Likiandikwa kwamba deni hili liko chini ya madeni mengine, sisi tuko nyuma zaidi katika foleni.

2. Bei za vitu. Tukikopesha shilingi 100,000 kwa riba ya 10 kwa mia, baada ya mwaka tuna 110,000. Lakini bei zikipanda kwa 15 kwa mia, mzigo wa 100,000 sasa ni 115,000. Tumepokea riba na bado tumepungukiwa.

3. Kuuza kabla ya siku. Karo ikitubana, huenda mnunuzi asipatikane. Tena riba za nchi zikipanda, hati yetu ya riba ndogo hushuka bei.

Jirani zetu wa Kenya waliyaona. Mwaka 2015 Imperial Bank iliuza hatifungani za shilingi bilioni 2 za Kenya. Tarehe 13 Oktoba 2015, siku moja kabla hati hizo kuingia katika Soko la Hisa la Nairobi, Benki Kuu ya Kenya iliiweka benki hiyo chini ya mpokezi kwa sababu ya udanganyifu uliokuwa umefichwa. Waraka hauwezi kutuonyesha kilichofichwa. Kwa hiyo akiba yote isiwekwe mahali pamoja.

Je, serikali haishindwi? Desemba 2022 serikali ya Ghana iliwataka wenye hatifungani zake wabadilishe hati za zamani kwa mpya, zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Vyama vya wafanyakazi vilitangaza mgomo, na mwezi huohuo mifuko ya pensheni ikatolewa katika mpango huo. Mwaka 2023 mifuko ilibadilishiwa hati kwa masharti yake mbali. Waliosimama pamoja walisikilizwa.

Basi chama chetu cha akiba na mikopo kikitaka kununua, tuulize mkutanoni: Nani anakopa? Atalipa kwa fedha gani? Ameweka rehani gani? Sisi ni wa ngapi katika kulipwa? Waraka ukiwa wa Kiingereza, anayekijua ausome kwa sauti na kuueleza, mlango wa hatari kwanza. Na wajumbe wetu katika bodi ya NSSF tuwaulize vilevile. Anayeshindwa kutujibu asipate sahihi yetu.