Sauti imefika wapi? Redio za ridhaa kwenye ramani ya dunia ya mviringo

Wasikilizaji wetu wa masafa mafupi wanalijua jambo hili kwa masikio: usiku sauti ya nchi ya mbali inaingia vizuri, mchana inapotea. Tulipozungumzia redio za ridhaa hewani, swali moja lilijirudia kwenye simu zenu. Mtu ana mtambo mdogo nyumbani, anazungumza na Japani, kesho Brazili. Atajuaje sauti yake imepita wapi?

Redio ya ridhaa si kituo cha matangazo kama chetu. Ni mtu binafsi mwenye leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, anayewasiliana na wenzake bila kufanya biashara. Kila mmoja hupewa jina la hewani lenye herufi na tarakimu. La Tanzania huanza na 5H, la Kenya 5Z, la Uganda 5X. Akimpata mwenzake huandika kwenye daftari: jina la hewani, tarehe, saa na masafa. Siku hizi daftari hilo ni programu ya kompyuta, na nyingi zinaweza kutoa faili ambalo ukilifungua kwenye Google Earth, kila mawasiliano yanakuwa alama juu ya dunia, na mstari unatoka kwako hadi kwake.

Huo mstari ndio wenye faida. Chukua San Francisco, Marekani. Kwenye ramani ya ukutani, ile ya darasani, ukitoka Dar es Salaam unaona uelekee magharibi, uvuke Congo, kisha Bahari ya Atlantiki. Lakini dunia ni mviringo. Njia fupi inaelekea kaskazini, ikiegemea magharibi kidogo: inapita Sudan, Libya, Ulaya na Greenland, halafu inashuka kupitia Kanada. Kama huamini, chukua chungwa, weka alama mbili upande na upande, kisha kaza uzi kati yake. Mwenye antena ya kuzungusha akiielekeza magharibi kwa kufuata ramani ya ukutani, umeme anaolipia unakwenda kwingine kabisa. (Mara nyingine mawimbi hupita njia ndefu, kwa kuzunguka upande wa pili wa dunia, nayo kwenye mpira inaonekana vilevile.)

Programu inajuaje mtu yuko wapi? Dunia imegawanywa katika visanduku, kwa mpango unaoitwa Maidenhead, jina la mji wa Uingereza ambako wataalamu walikutana mwaka 1980. Kila kisanduku kina herufi mbili na tarakimu mbili. Dar es Salaam ni KI93, Nairobi KI88, Mwanza KI67. Huku kwetu karibu na ikweta, kisanduku kimoja ni kama kilomita 220 kwa 110.

Hapo ndipo makosa huanza. Dodoma ni KI73. Ukiteleza ukaandika IK73, umempeleka mtu wa Dodoma nchini Mali, na programu itachora mstari mzuri tu bila kukuuliza. Na kama hukuandika kisanduku chochote, programu nyingi huangalia mwanzo wa jina la hewani na kuweka alama sehemu moja kwa nchi nzima. Mtu wa Mwanza na wa Mtwara wanakaa juu ya nukta moja.

Orodha hiyo ya nchi nayo inazeeka. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011, na majina yake ya hewani huanza na Z8. Programu ambayo haijasasishwa tangu wakati huo haiijui, hivyo mawasiliano yanapotea kwenye ramani ingawa yalifanyika kweli. Kuna pia programu zilizokuwa na dunia ya mviringo ndani yake kwa kutumia kifaa cha Google ambacho kampuni hiyo ilitangaza mwaka 2014 kwamba itakiacha. Kwa hizo, toleo la zamani halionyeshi kitu tena.

Lakini kabla ya kusasisha, nakili daftari lako lote na uliweke nje ya kompyuta hiyo, kwenye flashi au kwenye simu. Programu utaipakua tena hata kesho. Mawasiliano ya miaka kumi huwezi kuyapakua popote. Ukishasasisha, hakikisha kwanza kisanduku chako mwenyewe, maana kikikosewa mistari yote inaanzia pasipo pake. Kisha tafuta vituo vitatu ambavyo unajua vilipo, uone kama vimekaa mahali pake.

Na wewe mwenye simu tu, bila mtambo wala leseni? Fungua tovuti ya PSK Reporter. Vituo vinavyotumia njia za kidijitali kama FT8 hutuma visanduku vyao hewani, na wanaovinasa huripoti kupitia intaneti, kisha yote yanachorwa kwenye ramani. Hiyo ni ramani bapa, kwa hiyo chungwa lako usilile bado, na bando litaliwa kiasi. Chagua masafa ya 7 MHz usiku, uone mistari inafika wapi. Rudi saa sita mchana, uangalie masafa hayohayo.