Gari likichemsha Mtwara, jua husingiziwa

Msimu wa korosho Mtwara huangukia miezi ya joto. Kuanzia Oktoba, minada inapopamba moto, barabara ya kupanda Nanyamba na Tandahimba hadi Newala hujaa malori na Noah zilizosheheni. Kando yake huonekana yale yale: boneti wazi, mvuke unafuka, kondakta anahangaika na dumu kutafuta maji.

Madereva hulaumu jua, nalo husingiziwa. Toyota nyingi hutembea Maskati kwenye joto linalopita nyuzi 45 wakati wa kiangazi, ilhali mchana wa Novemba Mtwara kwa kawaida huishia 32 au 33. Injini nzima hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo nyuzi chache za kiangazi haziwezi kuichemsha. Kiangazi huumbua tu mfumo wa kupoza ambao tayari ulikuwa mgonjwa.

Ugonjwa huo mara nyingi huanzia kwenye maji. Kulanti ikipungua, wengi wetu hujazia maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi. Chumvi hula alumini. Madini nayo hugandia vijia vya rejeta kama ukoko mweupe ndani ya birika la chai, na joto linakosa pa kutokea. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huzuia kutu na pia huchelewesha kuchemka.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa. Maji yakibanwa kwa presha ya bar 1 juu ya hewa ya kawaida, huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Mpira wa kifuniko ukichoka, faida hiyo hupotea, na mwenye gari huambiwa anunue rejeta mpya.

Kisha kuna themostati, ambayo mafundi wengi huing'oa ili "gari ipoe". Bila kifaa hicho injini hukawia kufikia joto lake la kazi, hunywa mafuta zaidi na kusagika haraka. Kilichokuwa kinaichemsha kinabaki pale pale.

Anayekwenda Msimbati, au kivuko cha Kilambo kwenye Mto Ruvuma, anapaswa kuijali feni kuliko wote. Kwenye mchanga injini hunguruma kwa gia ndogo huku gari likitambaa. Upepo wa mwendo haupo, na kazi yote huiangukia feni. Mkanda uliolegea au mota iliyochoka utaijua hapo. Hewa ya chumvi nayo hula mapezi ya rejeta kwa nje, na vumbi huyaziba, hivyo yaoshwe kwa maji ya presha ndogo injini ikiwa imepoa.

Kupanda Uwanda wa Makonde kunataka subira: punguza gia mapema na zima kiyoyozi. Huko juu maji ni ya taabu tangu zamani, ndiyo maana kaya nyingi hukinga mvua kwenye matangi ya saruji. Ukikwama, maji hayo ni salama kwa rejeta kuliko ya kisima cha pwani, kwa kuwa hayana madini mengi.

Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi na washa hita hadi mwisho, ivute joto kutoka kwenye injini wakati unatafuta pa kusimama. Kisha zima injini. Usiguse kifuniko kwa nusu saa au zaidi, maana maji yenye presha yakiruka huunguza uso. Wala usiimwagie injini maji baridi. Silinda hedi inaweza kupasuka.

Na gari likichemsha mara ya pili msimu huo huo, usiishie kuongeza maji. Mpelekee fundi atafute yanakotoroka, kabla gasketi haijaungua na gharama haijala fedha ya korosho.