Foraji: fundi na injinia mshauri wasigombane juu ya shimo letu



Mtambo wa kuchimba maji ukipanda mpaka Kpandroma, akina mama huanza kuhesabu siku zilizobaki za kushuka chemchemini na bidoni. Lakini inawezekana siku ya tatu mtambo ukanyamaza. Wachimbaji wameketi kivulini chini ya lori, na injinia mshauri amerudi Bunia na hasira. Kambini wanasema, "Wametunyima kwa sababu sisi ni wakimbizi." Wenyeji wanasema, "Hawakutaka kuchimba upande wetu." Ugomvi wa watu wawili umekuwa ugomvi wa watu wote. Kwa kipimo cha Sphere kinachofuatwa na mashirika ya misaada, pompi moja ya mkono huhesabiwa kwa watu 500. Basi shimo moja likisimama, watu 500 wanarudi bondeni.

Kwa nini wanagombana? Mara nyingi si ubaya wa moyo. Fundi na timu yake wameajiriwa kutoboa. Kila mita ndani ya mwamba inakula mazuti na kuchakaza vyuma. Mshauri hachimbi. Mwenye pesa amemweka ahakikishe kwamba kisima ni kizuri. Anaposema, "Ongeza mita 10," fundi anasikia hasara. Fundi anaposema, "Inatosha," mshauri anasikia wizi. Mkataba ukisema "hakuna maji, hakuna malipo," mambo yanazidi kuwa mabaya, maana hasara yote ya shimo kavu inamwangukia mchimbaji. Jirani zetu Uganda wameyaona hayo. Uchunguzi uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba mikataba ya namna hiyo inamsukuma mchimbaji atafute mahali pa maji rahisi, wala si lazima mahali pazuri kwa watu.

Tujue pia ardhi yetu. Sehemu kubwa ya Djugu ina mwamba mgumu wa zamani chini ya udongo. Maji hukaa katika tabaka lililolainika juu ya mwamba huo, na katika nyufa zake. Shimo moja laweza kutoa maji, na lingine karibu yake likawa kavu. Kwa hiyo shimo kavu si ushahidi kwamba mtu amekula pesa. Baba Chefu, neno hili ulitangaze kabla ya mtambo kufika. Shimo likishakuwa kavu, hakuna atakayelisikiliza.

Katika kikao hicho cha kwanza, fundi, mshauri, komite ya maji, wenyeji na wakimbizi wakae pamoja. Waulizwe wazi: nani ana ruhusa ya kusema "simamisha"? Shimo kavu litalipwa namna gani? Mwenye shamba amekubali kwa maandishi? Maswali haya yakiulizwa mbele ya mtambo unaonguruma, majibu huwa makelele.

Halafu kuna daftari. Kila chuma cha kutobolea kina urefu unaojulikana, kwa hiyo hata mama asiyesoma aweza kuhesabu vilivyoshuka. Udongo unaotoka kila mita upangwe kwa mstari juu ya shiti. Jioni fundi na mshauri waandike mita, saa za kazi na saa za kungoja, kisha watie sahihi wote wawili. Mabishano mengi ya malipo huisha hapo, maana hakuna anayebishana na sahihi yake.

Saa ngumu kuliko zote ni ya kushusha mabomba ya plastiki, kumwaga changarawe pembeni na kuziba juu kwa saruji. Yakishafunikwa, hakuna jicho litakaloyaona tena. Mshauri lazima awepo. Lakini tangu machafuko ya Desemba 2017, wageni wengi hawapendi barabara za Djugu zikikaribia giza. Mshauri anaondoka mapema, na shimo linafika mwisho saa kumi na moja jioni. Fundi akingoja mpaka asubuhi, udongo laini waweza kubomoka. Asipongoja, ataambiwa kesho kwamba amedanganya. Afadhali wapatane kwamba mita za mwisho zianzwe asubuhi, au mshauri atafutiwe mahali pa kulala. Chumba kimoja kwa usiku mmoja, komite yaweza kukipata.

Wakitofautiana, waende pembeni wakazungumze, si mbele ya umati. Nasi tusimnong'oneze fundi asogeze shimo karibu na nyumba ya fulani. Wengi tumefanya hivyo, kisha tukamlaumu mshauri kwa ukali wake.

Mwisho wa kazi, maji yavutwe kwa saa zilizokubaliwa, wakipima yanavyoshuka na yanavyorudi, na komite ikitazama. Nakala ya daftari ibaki kwa komite, moja kwa wenyeji na moja kwa wakimbizi. Wakimbizi siku moja watarudi kwao, lakini pompi itaharibika, na fundi wa kuitengeneza atauliza kwanza: mabomba yalishuka mita ngapi?