Mlango wa uani wa kanzidata

Saa saba mchana, Mombasa. Mteja amechagua sahani ya biriani ya shilingi 400 kwenye programu ya simu, akabonyeza "Lipa". Kidirisha cha M-Pesa kinachomoza kikimtaka aweke PIN. Anaiweka. Sasa nani atamwambia mpishi kwamba pesa imeingia?

Anayeanza kujifunza kazi ya kutengeneza programu hushawishika kuiachia simu yenyewe jukumu hilo. Mteja akimaliza, programu iandike kwenye kanzidata kwamba oda imelipwa, chakula kipakuliwe. Tatizo ni kwamba simu iko mkononi mwa mteja. Mtundu mmoja akiichokonoa programu ataweza kuutuma ule ujumbe wa "imelipwa" bila kutoa hata senti, na atakula biriani ya bure mpaka mtu apige hesabu za mwezi.

Ndiyo maana Daraja, huduma ya Safaricom inayowaunganisha watengenezaji wa programu na M-Pesa, haiipi programu ya mteja kazi ya kutoa ushahidi. Matokeo ya malipo hutumwa kwenye anwani ya seva aliyoitoa mfanyabiashara. Ndani ya ujumbe huo mna tarakimu ya matokeo: ikiwa 0, pesa imeingia, na namba ya risiti, kiasi na namba ya simu ya mlipaji huambatanishwa. Seva ndiyo inayostahili kuandika "imelipwa". Lakini kanzidata yenyewe iko mawinguni, kwenye mitambo ya kampuni nyingine, na seva haiwezi kujiendea tu huko bila kujitambulisha. Kazi hiyo hufanywa na maktaba ya upande wa seva.

Maktaba hapa si jumba la vitabu. Ni furushi la misimbo iliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambalo fundi hulipachika kwenye kazi yake, kama seremala anavyonunua bawaba dukani badala ya kuzifua mwenyewe.

Mfano unaofahamika sana ni wa Firebase. Kampuni hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 2011 na James Tamplin na Andrew Lee, na asili yake inachekesha kidogo. Kabla ya hapo wawili hao walikuwa na huduma ya soga iitwayo Envolve, ambayo wenye tovuti waliipachika kwenye kurasa zao. Wakagundua kwamba baadhi ya wateja hawapigi soga hata kidogo. Wanapitishia humo data za michezo ya kompyuta, kwa kuwa ujumbe ulifika papo hapo. Wakaitenga ile mitambo ya chini iliyobeba ujumbe, wakaiuza kama kanzidata. Google ikainunua kampuni Oktoba 2014.

Sifa yake kubwa mwanzoni ilikuwa kumwondolea mtu adha ya kuwa na seva: simu inaongea na kanzidata moja kwa moja. Kwa soga na michezo hilo linatosha. Pesa zikiingia, halitoshi. Mwaka 2016 ikatoka Admin SDK, maktaba ya kutumika kwenye seva, kwanza kwa Node.js na Java, kisha Python na Go zikafuata.

Tofauti ya njia hizi mbili inaeleweka upesi kwa aliyekulia katika nyumba za pwani. Mgeni huingilia mbele, barazani, anabisha hodi na kungoja. Wenyewe huingilia uani. Simu ya mteja ni mgeni: kila inapotaka kusoma au kuandika, kanuni za usalama alizotunga fundi humuuliza ni nani na anataka chumba gani. Anaruhusiwa kuona oda zake, haruhusiwi kuona za jirani. Seva yenye Admin SDK hupitia uani. Kanuni zile haziulizwi kabisa. Inasoma kila kitu, inaandika popote, inafuta akaunti ya yeyote.

Mlango wa mbele nao huachwa wazi mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Fundi anapofungua kanzidata mpya anaweza kuchagua hali ya majaribio, inayomruhusu kila mtu kusoma na kuandika kwa siku 30, na wapo wanaoziacha kanuni zao zikiwa wazi hata baada ya kazi kuanza kutumika. Machi 2024 watafiti wa usalama walieleza kwamba walikuta tovuti zipatazo 900 zilizoacha kanzidata za Firebase bila ulinzi wa maana, zikiwa na rekodi karibu milioni 125.

Ufunguo wa uani ni faili dogo la maandishi, kama kilobaiti mbili. Ukilifungua unaona jina la mradi, anwani ya akaunti ya huduma, kisha mistari mirefu ya herufi zisizosomeka: huo ndio ufunguo wa siri. Wanafunzi huuchanganya na ule mwingine unaowekwa ndani ya programu ya simu, unaoitwa "API key". Huo wa pili si siri; unautambulisha mradi tu, kama namba ya nyumba iliyobandikwa ukutani. Huu wa kwanza ukivuja, nyumba yote imevuja.

Na funguo huvuja kwa njia za kawaida sana. Fundi anaiweka kazi yake GitHub ili wenzake waione, anasahau kwamba lile faili limo kwenye folda. Uber iliyajua hayo kwa gharama. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye ghala binafsi la misimbo ya kampuni hiyo huko GitHub, wakakuta ufunguo wa akaunti yake ya Amazon, wakachukua data za abiria na madereva milioni 57. Umma uliambiwa Novemba 2017, baada ya wadukuzi kulipwa dola 100,000. Ufunguo haukuwa wa Firebase, lakini uzembe ni ule ule. Heri seva ikae kwenye mitambo ya Google yenyewe, kama Cloud Run, kwa sababu huko maktaba hutambuliwa kwa akaunti ya huduma iliyopewa mtambo inamoendeshwa, na hakuna faili la kusahau popote.

Kazi ya pili ya maktaba ni kumtambua anayebisha. Mhudumu wa mgahawa akiingia kwa nenosiri lake, Firebase humpa tokeni: mfuatano mrefu wa herufi wenye sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta, unaoanza kwa herufi eyJ. Sehemu ya kwanza inataja aina ya sahihi, ya pili inasema ni nani, wa mradi upi na mpaka saa ngapi, ya tatu ni sahihi yenyewe. Yeyote anaweza kuisoma ile ya pili. Akibadilisha herufi moja humo, sahihi haitalingana tena.

Simu huiambatisha tokeni hiyo kila inapoita seva, na seva huikabidhi kwa amri iitwayo verifyIdToken. Maktaba huchukua ufunguo wa hadharani wa Google, hukagua sahihi, huangalia muda na jina la mradi, kisha hurudisha namba ya mtumiaji. Ndani ya tokeni mwaweza kuwa na cheo pia, tuseme "meneja", kilichowekwa na seva kwa maktaba ile ile. Nafasi ya vyeo ni finyu, baiti 1,000 tu, kwa hiyo si mahali pa kurundika wasifu wa mtu.

Hapa ndipo pana mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Tokeni huishi saa moja. Mhudumu akifukuzwa kazi saa nne asubuhi, huku tokeni yake imetolewa dakika tano kabla, meneja anaweza kuifunga akaunti hapo hapo na bado seva ikampokea mpaka saa tano kasoro dakika tano. Sahihi ni halali na muda haujaisha. Maktaba haina sababu ya kumkataa. Dawa ipo: maktaba inaweza kuagizwa iwaulize Google kila mara kama tokeni imebatilishwa. Lakini kila swali ni safari ya ziada kwenye mtandao, na mteja anayeperuzi menyu ataona programu inajivuta. Kwa hiyo menyu huachiwa ukaguzi mwepesi. Ukaguzi mzito hutengewa kurasa chache, na katika mgahawa wa biriani ukurasa wa kwanza kuupata ni ule wa kumrudishia mteja pesa.