Wapangaji, Funikeni Maji Msimu Huu wa Joto
Msimu wa kaskazi, mifereji inapokauka, wapangaji wengi wa nyumba za kaunti hapa Mombasa huweka maji kwenye mapipa na ndoo. Chombo kisichofunikwa kina hatari mbili: mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo, na mbu wa homa ya dengue, iliyozuka hapa mwaka wa 2021, hutaga mayai kwenye maji safi yaliyotuama. Mbu huyu huuma mchana.

Funika kila chombo. Kila wiki, sugua kuta zake za ndani, kwani mayai hushikamana hapo. Uani, mwaga maji yaliyobaki kwenye matairi na sahani za vyungu vya maua.

Ukipata homa kali na maumivu ya viungo, nenda kituo cha afya mapema. Usimeze aspirini wala ibuprofeni. Zinaweza kuzidisha kuvuja damu.